Barua ya malalamiko: loki ya difu ya mbele "inayofaa kwadi zote"

Karakana ya Ngamiani,
Tanga.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vipuri,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU LOKI NNE ZA DIFU YA MBELE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulinunua kwenu loki nne za difu ya mbele, yaani vipande vya kufunga gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ili yazunguke pamoja, kwa ajili ya pikipiki nne za magurudumu manne, yaani kwadi, zinazofanya kazi mkoani Tanga. Mbili ziko kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, moja inabeba mizigo ufukweni Ushongo, na moja inapanda njia za mlimani Amani. Kwenye tangazo lenu na kwenye boksi zote nne mmeandika kwamba loki hiyo inafaa kwadi zote za 4x4 na kwamba mtu anaifunga mwenyewe kwa saa moja. Si kweli. Mashine tatu kati ya hizo hazifai kufungwa kipande hicho kabisa. Ya nne ingeweza, ila mlileta chenye meno yasiyolingana na shafti zake. Kabla ya malipo muuzaji wenu alitajiwa aina zote nne kwa simu, akajibu kwamba difu ni difu.

Kipande mlichouza ni loki ya kujifunga yenyewe. Ndani ya boksi mna vipande viwili vya kati vyenye meno ubavuni, vikombe viwili vya pembeni vya kushika shafti, pini na springi. Ili kukifunga, unatoa kwenye nyumba ya difu spaida, yaani gia ndogo za kati, pamoja na gia mbili za pembeni, kisha unakiweka mahali pake. Ukivuta mafuta, pini ya msalaba inavisukuma vile vipande vya kati viume vikombe, na magurudumu ya mbele yanazunguka kama kitu kimoja. Ukikata kona, gurudumu la nje linataka kutangulia, basi meno ya upande wake yanaachia na kurukaruka. Ndiyo ule mlio wa ka-ka-ka ambao wateja wengi hudhani kitu kimevunjika. Ni kipande kizuri kikikaa kwenye mashine yake. Lakini lazima mashine iwe na spaida za kutolewa. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo muuzaji wa loki anapaswa kumuuliza mteja.

Mashine ya Amani ni Polaris Sportsman. Haina spaida. Ukifungua gia yake ya mbele unakuta rola za chuma zimepangwa ndani ya kizimba, na koili ya umeme imekaa pembeni. Swichi ikiwashwa, koili inavuta pleti, pleti inakikawiza kizimba, na magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, rola zinapanda miteremko iliyochongwa ndani ya krauni, ile gia kubwa ya duara, na kuzibana habu zinazoshika shafti za pande zote mbili. Hapo magurudumu ya mbele yote mawili yanavuta. Kwenye kona, gurudumu linalotangulia linaachia lenyewe. Kazi ambayo loki yenu imetengenezwa kuifanya, mashine hii inaifanya tangu kiwandani kwa njia yake, na ndani yake hakuna hata nafasi ya kuweka kikombe kimoja.

Mwenye Sportsman isiyovuta mbele hahitaji loki. Anatakiwa kupima koili kwa mita, ambayo ikiwa nzima husoma kama omu 24, kisha afuate waya wake mpaka mwisho, kwa sababu mara nyingi hukatika pale unaposuguana na fremu. Baada ya hapo aangalie pleti: masikio yake madogo yakivunjika, koili itavuta bila kitu kukawia, na rola hazitapanda. Halafu oili. Mafundi wengi humimina gia oili nzito ya gari kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, wakati mtengenezaji ana oili yake maalumu, nyepesi, kwa ajili ya gia hiyo ya mbele. Kizimba kikizama kwenye oili nzito, rola hubana zisipotakiwa au hukataa kubana zinapotakiwa. Ushauri huo ungemgharimu mteja chupa moja ya oili na nusu siku ya kazi. Nyinyi mlimuuzia chuma kisicho na pa kukaa.

Kwa njia za Amani kuna jambo jingine, hata kwa mashine inayokubali loki. Pale udongo mwekundu unaloa na njia inalala upande. Magurudumu ya mbele yaliyofungwa pamoja yakiteleza, yanateleza yote mawili, na pua ya mashine inashuka bondeni. Difu ikiwa wazi, yaani bila loki, gurudumu moja likizunguka bure lile la pili hubaki limeshika ardhi na kuzuia pua isishuke. Mteja wa mlimani ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha.

Mashine ya Ushongo ni Yamaha Grizzly 700, na hii ina loki ya kiwandani. Swichi yake ina nafasi tatu: magurudumu mawili, manne, na manne pamoja na difu iliyofungwa. Ikifungwa, mashine inajizuia isizidi kilomita 35 kwa saa. Tatizo lake lilikuwa taa ya loki kupepesa bila kutulia. Muuzaji wenu akasema loki za umeme ni za mapambo, ni bora kuweka ya chuma. Taa ikipepesa maana yake ni kwamba meno ya ndani bado hayajaumana. Kwanza unanyoosha usukani na kusogeza mashine mbele na nyuma kidogo ili meno yakutane. Isipotulia, unaangalia mota ndogo iliyo juu ya difu na plagi yake. Kwenye hii, plagi ilipofunguliwa ilikuwa imejaa kutu ya kijani, na pini moja imeliwa na chumvi hadi imebaki nyembamba kama sindano. Plagi mpya, grisi ya umeme ndani yake, na loki imerudi kufanya kazi.

Na hata hivyo, ufukweni shida kubwa huwa si loki. Kwenye mchanga mkavu magurudumu yote mawili hushika kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo kuyafunga pamoja hakuongezi mengi. Kupunguza upepo wa tairi hadi kiwango cha chini anachokubali mtengenezaji, ambacho kwa kwadi nyingi ni karibu na psi 5, husaidia zaidi na ni bure. Anayefanya kazi kwenye maji ya chumvi aangalie pia kimpira cha kupumulia cha difu. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea. Kimpira kikiwa kimeziba, maji hufyonzwa kupitia sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, na oili hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Hakuna loki inayodumu ndani ya oili ya namna hiyo.

Kawasaki Brute Force ya shambani ina mfumo wa tatu. Kuna mkono wa njano upande wa kushoto wa usukani. Ukiuvuta, kebo inabana pleti za klachi ndani ya difu, na dereva ndiye anayeamua abane kiasi gani. Nyumba ya difu imejaa pleti, hivyo loki yenu haiingii. Kebo ikilegea au pleti zikiisha, dereva anavuta mkono mpaka mwisho na gurudumu moja bado linazunguka bure. Dawa yake ni kurekebisha kebo, na ikishindikana kubadilisha pleti.

Sasa mashine ya nne, ambayo ndiyo iliyotuuma zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo inayostahili kabisa kipande chenu. Ni kwadi ya kazi yenye difu wazi, inavuta tela la mkonge kwenye tope, na kila ikivuka mtaro gurudumu moja la mbele linaning'inia hewani huku la pili limesimama. Difu wazi haiwezi kulipatia gurudumu lililo chini nguvu kubwa kuliko ile inayotosha kulizungusha lililo hewani, ambayo ni karibu na sifuri. Hapo loki inageuza mashine kuwa kitu kingine. Tulitoa gia ya pembeni tukahesabu meno yake ya ndani: 22. Kikombe chenu kina 24. Kipenyo kinakaribiana, kwa hiyo kwa macho vinafanana. Ukiingiza shafti inakwenda milimita chache kisha inakwama, na fundi mwenye haraka angechukua nyundo, akaharibu shafti na sili kwa pamoja.

Boksi hilo pia halikuwa na karatasi ya maelekezo. Kwa loki ya aina hii karatasi ni sehemu ya kipande. Baada ya kufunga, ni lazima kupima kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia, nafasi iliyopo kati ya vile vipande viwili vya kati, na vipimo vyake hutolewa na mtengenezaji wa loki. Nafasi ikiwa ndogo, meno hayapati pa kurudi nyuma ili yaachie kwenye kona; yanasagana na ncha zinameguka. Ikiwa kubwa, hayaumani barabara na mzigo ukija yanaruka. Shimu, yaani pete nyembamba za kurekebisha nafasi, za beringi za kushoto na kulia zirudi kila moja upande wake, la sivyo krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, zitapoteza mpangilio na kuanza kulia. Kwa mtu anayefungua difu mara ya kwanza, hiyo si kazi ya saa moja.

Wala hamkumwonya mteja kuhusu shafti. Kwenye difu wazi kila shafti ya mbele hubeba nusu tu ya nguvu inayofika mbele. Ukishafunga loki, shafti moja inaweza kuibeba yote, na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, huku gurudumu linazunguka kwa kasi kisha likashika ghafla, jointi ya nje ndiyo inayopasuka. Usukani nao unakuwa mzito.

Kwa kuwa mnauza kipande ambacho ni lazima kikaguliwe baada ya kufungwa, jaribio lake ni hili, na mngeweza kulichapisha nyuma ya boksi. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka 4x4 na gia. Zungusha magurudumu yote mawili kuelekea mbele mpaka yagome. Lishikilie moja hapo hapo kwa nguvu, lingine lizungushe kurudi nyuma: linapaswa kwenda kwa mlio wa meno. Rudia kwa upande wa pili, kisha rudia yote kwa kuelekea nyuma. Upande usioachia una hitilafu ya nafasi au springi.

Kwa hayo yote tunadai mambo yafuatayo. Mturejeshee fedha zote za loki tatu, zile za Sportsman, Grizzly na Brute Force, kama ilivyo kwenye ankara yenu. Kwa mashine ya nne mlete loki yenye vikombe vya meno 22 pamoja na karatasi ya vipimo. Kama hamna, mrejeshe fedha yake pia. Gharama ya usafiri wa boksi kwenda na kurudi iwe juu yenu. Na muondoe maneno "inafaa kwadi zote" kwenye tangazo, muweke badala yake orodha ya mashine ambazo kipande kinafaa, mwaka wa kutengenezwa na idadi ya meno ya shafti. Muuzaji wenu wa simu apewe orodha hiyo hiyo.

Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi tutaipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa.

Loki zote nne ziko kwenye boksi zake, hazijapigwa nyundo wala kuingizwa oili. Ile yenye meno 24 tumeiwekea alama ya chokaa kwenye kikombe cha kushoto, ili msije mkaituma tena Korogwe.

Wenu,
Fundi Mkuu,
kwa niaba ya mafundi wa karakana, Ngamiani, Tanga.