Laini yako isipokee hata shilingi

Gungu, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote wazima, na mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kwaya kukukabidhi tamasha zima ungali kijana hivyo, nimefurahi mno, majirani wote wameshasikia. Ila pale ulipoandika kwamba michango ya wodi ya watoto itaingia kwenye simu yako, usingizi ulinipaa.

Laini yako isipokee hata shilingi. Mchango ukiingia humo unachanganyika na nauli, vocha na deni la sare, na baada ya siku tatu hata wewe hutajua ipi ni ipi. Kutoa nako kuna makato: waliotuma watajumlisha yao, ninyi mtapeleka pungufu, na maneno yataanza hata kama hukugusa kitu. Akaunti ya kikundi inataka katiba, muhtasari wa kikao na watia saini, kwa tamasha la Jumamosi hamuiwahi. Tumieni sanduku. Seremala atengeneze la mbao, tundu lipitishe noti iliyokunjwa lakini lisipitishe mkono, na liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ashike mhazini, wa pili ashike mtu asiye wa kwaya, mzee wa kanisa au muuguzi wa wodi hiyo.

Hesabuni humo humo ukumbini, watu watatu, taa zikiwaka. Noti za 10,000 peke yake, za 5,000 peke yake, hivyo hivyo mpaka sarafu. Mmoja ahesabu, wa pili arudie, wa tatu aandike, kisha wote watie saini. Ndiyo maana wimbo wa michango usiuweke mwisho. Bakizeni nyimbo tatu baada yake, ili kiasi kitangazwe watu wakiwa bado wamekaa. Ahadi zina daftari lake: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa. Usizitangaze pamoja na taslimu. Mgeni rasmi akiahidi laki tano watu hupiga vigelegele, halafu mnaulizwa fedha ziko wapi.

Mafuta ya jenereta yasitoke sandukuni, yachangeni wenyewe kabla. "Tutarudisha kesho" ndiyo inayoharibu daftari. Habari ya daftari lile unaijua, sitairudia. Hesabu yake ilifaa kusomwa mbele ya kwaya siku ile ile, na haikusomwa.

Zile nyimbo za Pasaka ulizonitumia nimezisikiliza. Sauti ya nne, ile nzito ya chini, imetulia vizuri sana. Sauti ya kwanza, wale wa juu, wanakaza koo wakipanda, na "mi" na "ti" za ngazi ya muziki wanaziimba chini kidogo, kwa hiyo mkifika ubeti wa tatu mmeshashuka wote, kinanda kikiingia kinawaumbua. Nilikwambia tangu mwaka jana, hukusikia. Teremsheni ufunguo wa wimbo, na kwenye mstari mrefu wapokezane pumzi, jirani wawili wasivute pamoja. Spika zikae mbele ya maiki, zikitazama watu. Zikiwa nyuma yenu zitapiga yowe. Mazoezi ya Ijumaa yawe mafupi, sauti zipumzike.

Kuhusu mikono yako unapoongoza, sina la kusahihisha.

Dumu la mawese la lita 10 na dagaa nimempa mama wa jirani, anakuja na treni. Kampokee stesheni mwenyewe, mzigo ni mzito. Asubuhi za baridi hapo Tabora mawese yataganda, yaanike tu juani. Bati la jikoni limetoboka tena, nitaliziba kabla ya mvua. Mama yako anauliza kama blanketi lilifika.

Waandikie wanakwaya leo kwamba ile namba yako ifutwe kwenye tangazo, usingoje kesho. Kama limeshabandikwa, libandueni mbandike jingine. Na seremala akikutajia bei ya sanduku, nipe namba yake. Hela hiyo nitamtumia yeye moja kwa moja.

Baba yako