Anza na Wimbo Wenyewe: Barua kwa Mwanangu Mpiga Gitaa

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo nyumbani, mama yako anakusalimu sana, na bibi kila siku anauliza utakuja lini. Ile sauti uliyonitumia, unayopiga solo juu ya ule wimbo wa jazz "Autumn Leaves", nimeisikiliza na kuirudia. Vidole vyako vimekuwa vyepesi kweli, nimefurahi. Ila nikifumba macho, siwezi kujua ni wimbo gani unapigwa. Nasikia skeli juu ya skeli, yaani ngazi za noti zikipanda na kushuka, na wimbo siusikii.

Unasema umefundishwa kwamba kila kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ina skeli yake, kodi ikibadilika nawe unabadilika. Ni kweli, na hayo utayahitaji. Lakini hapo si pa kuanzia, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Rudi kwenye kwaya iliyokulea. Imba wimbo huo kwa solfa, do ikiwa B flati (B iliyoshushwa nusu hatua). Mstari wa kwanza: la-ti-do-fa. Wa pili: so-la-ti-mi. Wa tatu: fa-so-la-re. Wa nne: mi-fe-se-do. Sasa angalia unakotua: fa, mi, re, do. Halafu angalia kodi iliyo chini ya kila kituo. Fa ni noti ya tatu ya C maina, ukihesabu kutoka mzizi, yaani ile noti inayoipa kodi jina. Mi ni ya tatu ya B flati meja. Re ni ya tatu ya kodi ya A, na do ni ya tatu ya G maina. Joseph Kosma, Mhungaria aliyeutunga wimbo huu Ufaransa mwaka 1945, kila anapotua anashika ile noti inayotuambia kama kodi ni meja, yenye sauti ya kuchangamka, au ni maina, yenye sauti ya huzuni. Tena hata kodi inapobadilika, noti haipotei: fa uliyoshika kwenye C maina inageuka kuwa ya saba ya F7, ndipo inateremka nusu hatua na kuwa mi. Njia ya solo imeshachorwa ndani ya wimbo, mwanangu.

Shika gitaa. Uzi wa pili, freti (chumba cha shingo) ya nne: fa. Freti ya tatu: mi. Freti ya kwanza: re. Uzi wa tatu, freti ya tatu: do. Mkono hata haujahama. Piga noti hizo nne tu, kila moja kwa wakati wake, kodi zikipita chini, hadi uweze kuziimba bila gitaa. Kisha tangulia kila kituo kwa noti moja, ukiingilia kutoka chini. Kesho ingilia kutoka juu. Halafu noti mbili, tatu. Usiwe na haraka na hatua hii. Ukiishika vizuri, hata ukizunguka mbali kiasi gani msikilizaji atajua uko wapi.

Kodi ya D7, ile inayotangulia G maina, uipe haki yake. Sehemu kubwa ya wimbo inakaa kwenye skeli moja, na ndiyo maana wengi hulala hapo. Lakini mstari wa nne unapanda kwa fe na se, yaani E ya kawaida na F shapu (F iliyopandishwa nusu hatua), na hiyo F shapu ndiyo inayoivuta G maina. Usipoigusa, G maina inafika bila kuitwa.

Jambo jingine ni pumzi. Mpiga tarumbeta hana budi kuvuta pumzi. Sisi wa gitaa tunaweza kumwaga noti hadi asubuhi, na hilo linatuharibu. Msikilize Miles Davis akipiga wimbo huuhuu kwenye rekodi ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley ya mwaka 1958. Sikiliza anavyonyamaza. Kisha msikilize mpiga gitaa Wes Montgomery, aliyepiga kwa dole gumba na kujifunza solo za mpiga gitaa mwenzake Charlie Christian kwa sikio kutoka kwenye sahani za santuri. Mara nyingi alianza solo na noti moja moja, akapanda kwenye okteva (noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja), akamalizia kwa kodi nzima. Kwangu hakuna mwalimu bora wa kupanga solo. Na huku kwetu Mbaraka Mwinshehe aliimba na kupiga solo mwenyewe. Sikiliza gitaa lake linavyojibu sauti yake. Basi na wewe imba unachopiga, hata kwa kunong'ona. Pumzi ikikata, na mkono usimame.

Kuelekea mwisho wa wimbo ndipo solo yako ilipobanana zaidi. Wengi huweka hapo kodi nne ndani ya vipimo viwili, mizizi ikishuka nusu nusu: G maina, G flati, F maina, E, hadi E flati meja. Usizikimbize kwa skeli. Nenda kwenye uzi wa nne: freti ya tatu, ya pili, ya kwanza, kisha uzi wazi. Hizo ni noti za saba za kodi hizo nne, na ile ya uzi wazi ni ya saba ya E flati pia, kwa hiyo iache ilie.

Nirekodie sehemu hiyo peke yake, taratibu, metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) ikigonga kwenye pigo la pili na la nne tu. Usinitumie solo nzima kwanza. Nikishaisikia nitakupigia simu tuzungumzie okteva.

Baba yako