Wanafunzi wa muziki wafundishwe kutafuta nota maktabani

Mhariri,

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vya Arusha na Moshi hutembezwa maktabani: magazeti yako huku, kompyuta kule, simu zizimwe. Kwa anayesoma muziki ziara hiyo haitoshi, kwani nota hazitafutwi kama kitabu cha uchumi. Naomba maktaba ziwatengee saa moja zaidi, mbele ya rafu zenyewe, na zoezi liwe wimbo wanaoujua.

“Aleluya” ya mtunzi Handel ingefaa sana. Mwanafunzi akiandika Aleluya kwenye katalogi anaweza asipate kitu, akaondoka akisema maktaba haina. Kumbe katalogi huorodhesha kazi nzima, mara chache wimbo mmoja mmoja uliomo ndani yake. Aandike Handel na Messiah, ambayo ndiyo oratorio (kazi ndefu ya kwaya, waimbaji na okestra) yenye wimbo huo. Ikishindikana, ajaribu Händel au Haendel, maana wachapaji hawakubaliani juu ya jina hilo, au HWV 56, namba ya kazi hiyo katika orodha ya tungo zake, ambayo haibadiliki lugha ikibadilika. Kwa Bach herufi ni BWV, kwa Mozart K au KV. Akishakipata kitabu afungue mwisho wa sehemu ya pili, asitegemee namba ya wimbo: chapa moja huandika 44, nyingine 39.

Hapo ndipo wengi huazima kitabu kisichofaa. Nota za okestra nzima ni za kiongozi. Kwaya inahitaji zenye sauti nne na piano. Katika mpangilio wa rafu wa Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, oratorio za okestra nzima zina M2000, za sauti na piano M2003. Katika Dewey, mpangilio mwingine wa maktaba, zote huangukia 782.23, kwa hiyo maelezo ya katalogi yasomwe hadi mstari wa mwisho. Tena katika ule mpangilio wa kwanza, M ni nota zenyewe, ML vitabu kuhusu muziki, MT vya kujifunzia.

Waliolelewa na kwaya za makanisa husoma solfa (do, re, mi), na wakikuta nota za mistari mitano hurudisha kitabu rafuni. Mkutubi awaonyeshe tu mahali do ilipo: “Aleluya” ina shapu mbili (alama za kupandisha sauti) mwanzoni mwa mistari, iko kwenye ufunguo wa D, basi D ndiyo do. Mengine watamalizia darasani.

Kwa nota za intaneti, tovuti za IMSLP na CPDL hutoa bure tungo ambazo muda wa hakimiliki umekwisha. Wapakue faili mara moja maktabani, walihifadhi kwenye flashi, bando lisiliwe bure. Handel alifariki 1759, muziki wake ni huru. Lakini chapa iliyohaririwa juzi inaweza kuwa na mwenyewe, na kutoa kopi 60 za kwaya nzima si jambo la kufanya kimyakimya.

Muziki wetu wenyewe ndio mgumu zaidi kuupata. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na kanda zake ziko ILAM, kituo cha kuhifadhi muziki wa Kiafrika alichokianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Atakayeandika “ngoma za Wagogo, Tanzania” huenda asione kitu. Aandike Gogo bila kiambishi, Tanganyika badala ya Tanzania, na kwa Wachaga ajaribu Chaga na Chagga, kila moja peke yake.

Mkutubi,
Moshi