Wifi, Usigeuke na Basi la Jioni

Wifi yangu mpenzi,

Kaka kanipigia simu kuniambia watoto watakuja kwangu shule zikifungwa mwezi Juni, na kwamba wewe utawaleta kisha ugeuke na basi la jioni. La kwanza nimelipokea kwa mikono miwili. La pili nalikataa, na ndiyo sababu nakuandikia. Nakuandikia hadharani, usinichukie kwa hilo, kwa sababu maneno uliyoniambia Idi iliyopita nimeyasikia kwa wanawake wengi: maktaba ni ya wasomi, mimi niliishia darasa la saba, nikafanye nini mle? Natamani kila aliyewahi kuyasema asome ninavyokujibu.

Ratiba ya maktaba yetu ya mkoa, kuanzia Juni hadi Septemba, imeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni. Nimeisoma yote. Kuna mambo mle ambayo hayatakwenda bila watu kama wewe.

Nianze na watoto. Kitengo cha watoto kina chumba chake, na humo sauti haikatazwi. Kwa kawaida saa ya hadithi huwa Jumamosi asubuhi tu. Likizo hii itakuwa kila siku ya kazi, saa nne mpaka saa sita. Watoto wanakaa mkekani, mkutubi anasoma ukurasa, anawageuzia picha waione, anawauliza wanadhani fisi atafanya nini. Makelele yanayofuata hapo ungeyapenda. Hadithi ikiisha anawaachia rafu. Kila mtoto anatafuta kitabu anachokitaka mwenyewe, akikichoka anakirudisha na kuchukua kingine, na hakuna anayemwuliza kwa nini.

Hilo la kuchagua wengi hulipita haraka, mimi naona ndilo lenyewe. Umeniambia mwanao wa pili hapendi kusoma. Wifi, mtoto huyo tangu aanze darasa la kwanza hajawahi kushika kitabu kisicho na mtihani nyuma yake. Vyote anavyovijua amepangiwa, na hata hivyo anakitazama kimoja pamoja na wenzake dawati zima. Tutajuaje kwamba hapendi? Mwache siku chache ndani ya chumba kile, akutane na kitabu cha mamba, au cha mpira, au cha mtoto mtundu kama yeye, halafu tuzungumze tena.

Na asikiache pale. Mwanachama anaazima, anakwenda nacho nyumbani mpaka tarehe iliyogongwa muhuri kwenye karatasi ya ndani ya jalada. Mimi nathamini kuazima kuliko kusomea palepale, kwa sababu kitabu kikifika nyumbani hakisomwi na mtu mmoja. Atakisoma mkubwa, mdogo atachungulia picha, na usiku dada wa kazi naye atakiomba. Utakuta pia kwamba vingi ni vya Kiswahili na vimeandikwa hapahapa nchini. Haikuwa hivyo zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulisaidia sana: uliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa kwenye shule na maktaba, ndipo wachapishaji wakathubutu kuwachapia watoto hadithi.

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Mwaka huu watoto wenyewe watasoma walichokiandika, mbele ya wazazi. Nimeomba kabla hawajaanza waelezwe siku hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1976, huko Soweto, Afrika Kusini, wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu, na polisi wakawafyatulia risasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga siku hiyo kuwa ya watoto mwaka 1990. Walioanza kuandamana asubuhi ile waliandamana kwa sababu ya lugha ya darasani. Mtoto wetu anayesoma hadithi yake kwa Kiswahili, mama yake akiielewa kila neno, anastahili kulijua hilo. Nami ningependa mama yake awe amekaa pale, si ndani ya basi.

Sasa nakuja kwako.

Chini kabisa ya ratiba kuna tangazo dogo: wanatafutwa watu wazima wa kusimulia hadithi kwa mdomo. Mkutubi wa watoto ni binti mwenye bidii, anasoma vizuri na watoto wanampenda, lakini amekulia mjini, na ngano anazozijua ni zile zilizomo vitabuni. Vitabu vya ngano vinakaa kwenye namba 398, kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kuipa kila mada namba yake, unaotumika katika maktaba nyingi duniani. Nimeipitia rafu hiyo ya kwetu. Ni fupi, mikono yangu miwili inaimaliza, na vingi vilivyomo ni hadithi za Ulaya zilizotafsiriwa. Ngano za kwenu Handeni, zile zenye wimbo katikati ambao msikilizaji lazima auitikie ili hadithi iendelee, sikuiona hata moja.

Wewe unazo. Nilikuona usiku ule umeme ulipokatika, ukaanza kuwasimulia wanao ili wasilale kabla ya chakula kuiva, na baada ya muda watoto wa majirani wawili wakawa wamejaa barazani. Hukutazama karatasi. Kila Sungura alipokaribia kukamatwa ulishusha sauti, na wale watoto wakasogea. Ufundi huo haufundishwi chuoni, na maktaba imebandika tangazo mlangoni kuuomba.

Mpango wenyewe nimeuulizia. Msimulizi anakaa na watoto kwa muda wa hadithi mbili au tatu. Akiridhia, anarekodiwa kwa simu. Vijana wa sekondari walio likizoni wanasikiliza na kuandika neno kwa neno, kisha anasomewa asahihishe. Zinapigwa chapa, zinabanwa, nakala inabaki rafuni ikiwa na jina la msimulizi. Asiyetaka kurekodiwa harekodiwi, anasimulia tu. Najua utasema huwezi kuzungumza mbele za watu. Sema "Paukwa!" halafu usikilize watakavyoitikia "Pakawa!", woga wako utaishia hapo.

Na hili la usomi nataka tulimalize. Sheria iliyoanzisha huduma za maktaba nchini ilitungwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru kwa miaka miwili tu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huo watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67. Hebu litazame jambo hilo vizuri: nchi ambayo watu wazima wawili kati ya watatu hawasomi inajenga maktaba ya taifa. Wasomi wa kulijaza jengo lile hawakuwepo. Lilijengwa kwa ajili ya watu ambao walikuwa bado hawajafika.

Kisha wakatafutwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye ofisi za chama, kwenye maghala ya pamba. Wasomaji wapya walipoongezeka ikaonekana hatari nyingine: mtu akijua kusoma na asipate cha kusoma, husahau. Ndipo zikaja maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama lile la Kanda ya Ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa asilimia 9.6. Bibi yetu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliotoka katika hesabu ile. Ulimkuta akizisoma barua za kaka kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na hukuwahi kufikiri kwamba si haki yake. Wewe uliyemaliza darasa la saba umemzidi bibi kwa miaka mingi ya shule. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba mlango ule si wako.

Tarehe 7 Julai nitakuomba uwepo kwa nguvu zangu zote. Sisi tumeizoea kama Sabasaba, na tangu mwaka 2022 ni Siku ya Kiswahili Duniani pia, baada ya UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, kuipitisha Novemba 2021. Ilichaguliwa tarehe hiyo kwa sababu chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Kwa kuwa ni sikukuu, maktaba itafunguliwa maalumu mchana. Kutakuwa na ngonjera za shule za msingi, mashairi ya wazee wa mjini (wawili kati yao hughani, na ukisikia mtu akighani kwa koo la uzee hutaisahau sauti ile), na mashindano ya vitendawili baina ya watoto na watu wazima. Watoto wa siku hizi wanaposikia "Kitendawili!" wanajibu "Tega!" kwa nguvu, lakini wakitegwa tu wanaishiwa na kukimbilia kutoa mji. Wanahitaji mtu wa kuwafundisha mchezo ule unavyochezwa, hasa kile kipande cha "nipe mji" ambapo mtegaji anautembelea mji aliopewa, anausifia mpaka wanaomsikiliza wanatamani jibu lichelewe. Mimi najua kidogo. Wewe unakijua chote.

Kuna mafunzo ya kompyuta kwa watu wazima kila Jumamosi mchana. Vijana wengi huenda ili wajue kujaza maombi ya ajira na ya mkopo wa masomo mtandaoni, na hilo ni jema. Lakini wewe ndiye mweka hazina wa kikoba chenu, na daftari lile la mahesabu limeshachoka. Watakuonyesha namna ya kuweka michango na marejesho ili jumla ijikokotoe yenyewe. Usipoyamaliza yote kabla ya kurudi, utaondoka angalau na mwanzo.

Binti mkubwa, akiruhusiwa kutoka kambi ya masomo shuleni kwao, aje na madaftari yake. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na ukumbi wa juu ni mtulivu, mitihani ya miaka iliyopita ipo. Awahi tu asubuhi, viti hujaa.

Septemba utakuwa umesharudi kwenu, ila nikuambie. Tarehe 8 ni Siku ya Kisomo Duniani, na maktaba inataka kuanzisha kundi la kusoma la wanawake wazima, wakutane mara moja kwa juma, wasome gazeti au kitabu kwa zamu na kujadili. Mimi nimeshajiandikisha. Kinachonisumbua ni kwamba majina mengi kwenye ile orodha ni ya walimu na wauguzi. Wauza samaki, washonaji, mama lishe, sijawaona, na naogopa kundi likianza bila wao litachukua sura ambayo itawafukuza baadaye. Nazunguka sokoni kuwaalika mmoja mmoja. Ungekuwepo ungenisaidia, kwa sababu wewe ukiwaambia watakuamini kuliko mimi.

Sasa maandalizi. Kila mtoto picha mbili za pasipoti, wapigwe huko huko kabla ya safari, maana studio ya jirani yangu imefungwa. Nakala za vyeti vya kuzaliwa. Wewe uje na kitambulisho chako. Barua ya serikali ya mtaa nitaishughulikia mimi kwa mwenyekiti wa hapa, kwa kuwa mtakuwa wageni wangu, na mdhamini nitakuwa mimi. Ada ya uanachama niachie, ni zawadi ya shangazi. Wazoeshe watoto kwamba mabegi huachwa mlangoni kwa kibao cha namba, na kibao kile kisipotee.

Fomu ya mtoto inatiwa saini na mzazi mwenyewe. Nimeuliza kama shangazi anaweza, wamesema hapana. Kaunta ya usajili hufunguliwa Jumatatu saa tatu, na ninyi mtafika Jumamosi. Nimeshazungumza na kaka: atabaki na mbuzi na kuku, na chakula atajipikia.

Wasalimie watoto, uniambie kiatu cha mdogo sasa ni namba ngapi.

Mimi wifi yako