Kasi ya RAM iliyoandikwa kwenye kisanduku haiji yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba ameuziwa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) bandia, kwa kuwa kisanduku chake kimeandikwa kasi ya 3600 ilhali kompyuta inaonyesha 2133. Mimi ni fundi wa kompyuta, na malalamiko ya namna hiyo huletwa mezani kwangu mara kwa mara. Mara nyingi RAM yenyewe huwa halali, ila mnunuzi hakuambiwa kwamba kasi aliyoilipia huja pale tu anapoiwasha mwenyewe.

Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo iliyohifadhi maelezo yake, na bodi mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote, huisoma chipu hiyo kompyuta inapowashwa. Humo hukuta mpangilio wa kawaida unaofuata viwango vya JEDEC, chama kinachopanga viwango vya RAM, na ambao kwa RAM ya kizazi cha DDR4 hutumia volti 1.2, na mara nyingi kasi yake ni 2133, 2400 au 2666. Kasi inayotangazwa kwenye kisanduku imewekwa kando katika mpangilio wa pili. Intel, mtengenezaji wa prosesa (ubongo wa kompyuta), iliuita XMP ilipouanzisha mwaka 2007, enzi za DDR3. AMD, mshindani wake, ilileta wake, EXPO, mwaka 2022 pamoja na DDR5. Na baadhi ya bodi za ASUS huandika DOCP kwa maana ya XMP hiyohiyo, jina ambalo limewachanganya wengi bila sababu. Kwa kuwa mpangilio huo wa pili kwa kawaida hudai umeme zaidi, aghalabu volti 1.35 kwa DDR4, bodi haithubutu kuutumia bila ruhusa ya mwenyewe.

Ruhusa hiyo hutolewa ndani ya BIOS, programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, ambayo kwenye kompyuta nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka. Ukishachagua mpangilio huo na kuhifadhi, usishtuke kompyuta ikijizima na kujiwasha mara mbili tatu. Kwa DDR5 skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku bodi ikijipima na RAM mpya, na nimewaona watu wakichomoa waya wa umeme katikati ya kazi hiyo kwa kudhani wameua mashine.

Msomaji mwenzangu aangalie pia namba yake ameisoma wapi. Programu ya CPU-Z itamwonyesha takriban 1800 hata mambo yote yakiwa sawa, kwa sababu RAM za DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo la saa yake. Kwa hiyo 3600 ni idadi ya upitishaji kwa mamilioni kila sekunde, wala si megahezi, ingawa wauzaji wengi wanaendelea kuandika megahezi.

Je, usumbufu huu una faida? Upo uwezo wa kupitisha gigabaiti 28.8 kwa sekunde katika njia moja badala ya 17 hivi, na wacheza michezo na wahariri wa video huuona. Anayeandika barua tu hatauona. Hata hivyo, kuwasha mpangilio si kuhakikishiwa kasi. Vipande vinne ni vigumu kuviendesha kuliko viwili, RAM za seti tofauti zikichanganywa hugombana, kompyuta mpakato nyingi hazina chaguo hilo kabisa, na bodi zenye chipu ya Intel ya H410 haziruhusu kuvuka 2933. Kwa sababu hiyo, kila anayebadilisha mpangilio aiache programu ya Memtest86 ipime RAM usiku kucha, na hata kosa moja likijitokeza apunguze kasi, kwa maana RAM inayokosea si lazima igandishe kompyuta. Yaweza kuharibu mafaili kimyakimya kwa miezi.

Hapo sasa ndipo ninapokubaliana na mlalamikaji. Intel na AMD zote mbili huhesabu XMP na EXPO kuwa ni kuendesha vifaa kupita kiwango, jambo linaloweza kugusa hata waranti ya prosesa. Muuzaji wa RAM anajisifu kwa namba ambayo mtengenezaji wa prosesa hataki kuibeba, na mnunuzi asiyejua BIOS ni kitu gani anaachwa katikati. Ningependa visanduku viandike namba zote mbili kwa herufi za ukubwa mmoja: kasi ambayo RAM itawaka nayo, na kasi inayoweza kufikia ikiwa prosesa na bodi zitakubali.

Kwa sasa namsihi msomaji huyo asirudishe RAM yake dukani kabla ya kuufungua ukurasa wa BIOS, na kabla ya kuitazama orodha ya RAM zilizojaribiwa ambayo mtengenezaji wa bodi yake huitoa. Ikiwa RAM yake imo katika orodha hiyo na bado inatoa makosa kwa 3600, airudishe, na hapo madai yake yatakuwa ya haki.

Fundi wa kompyuta na msomaji wako wa siku nyingi