Dada Aika, msiisaini bado

Sakina, Arusha

Dada Aika,

Habari za Rau? Shikamoo yangu imfikie Mama, na mwambie Mwalimu kahawa yake ilifika salama, imeshapata wanywaji. Huku kwetu wazima. Vuli inasitasita tu, watu wameshatifua mashamba na kila jioni wanaangalia upande wa Meru.

Rasimu ya makubaliano ya kikundi chenu na Manispaa ya Moshi kuhusu kuutunza Mto Rau nimeipata na nimeisoma yote. Nilitaka tuizungumze kwenye harusi ya kwa Mama Ndeshi, lakini umesema Ijumaa mmeitwa ofisini, kwa hiyo hainingojei. Msiisaini bado. Najua wanakikundi wana hamu, na najua mmehangaika na huo mto tangu watu wakiwacheka. Ila kwa jinsi ilivyoandikwa, karatasi hiyo inawafunga ninyi peke yenu. Upande wa pili haimfungi mtu.

Tazama mwisho wa ukurasa. Kwenu kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Upande wa Manispaa kuna afisa mazingira, tena kwa jina lake. Ni mchapakazi, hilo halina ubishi, lakini hana mamlaka ya kuifunga Halmashauri. Hati ya namna hii hupitiwa na mwanasheria wa Halmashauri, kisha husainiwa na Mkurugenzi, maana yeye ndiye afisa masuuli, mwenye dhamana ya fedha za Halmashauri. Afisa wenu akihamishwa kesho, na uhamisho haupigi hodi, atakayekuja atafungua jalada na asikute kitu. Hapo ndipo kikundi huambiwa, "Mlikubaliana na nani?"

Sasa njia yenyewe, maana najua utaniuliza. Anzeni na barua ya kikundi kupitia kwa mtendaji wa mtaa, yeye aipitishe kwa mtendaji wa kata. Viambatanisho ni katiba, cheti cha usajili, na muhtasari wa mkutano wa wanachama uliowateua watia saini, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Muhtasari huo ndio watu husahau, na bila huo mwanasheria ataurudisha mzigo wote. Ombeni jambo liwe ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa sababu diwani ndiye mwenyekiti pale na ndiye atakayelisemea mbele. Likitoka hapo linaingia idarani, halafu timu ya menejimenti, halafu kamati ya kudumu ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira. Palipo na fedha, Kamati ya Fedha na Uongozi nayo italiangalia kabla ya Baraza. Inaonekana ndefu. Lakini kila hatua inaacha muhtasari, na muhtasari haupewi uhamisho.

Barua yoyote mnayopeleka, toeni nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbaki nayo. Mwulize mtu wa masjala imeingia jalada namba ngapi, muandike hiyo namba kwenye daftari la katibu. Ukirudi baada ya wiki mbili ukasema "naulizia barua yangu", watakwambia inashughulikiwa. Ukirudi na namba ya jalada, linatafutwa.

La pili, mmemwomba mtu mmoja vitu vya watu watano. Rasimu inaitaka Manispaa isafishe karavati la barabarani, izuie wanaochepusha maji juu, iruhusu kupanda miti ndani ya msitu na izibe bomba linalovuja. Karavati na mitaro ya barabara za mtaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bomba ni mamlaka ya maji ya mjini. Ndani ya Msitu wa Rau wenyewe ni TFS, wakala wa huduma za misitu, hamuingii na jembe bila wao. Matumizi ya maji ya mto, vibali na uchepushaji, ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na bahati yenu makao yao yapo hapo hapo Moshi. Hawa msiwaache nyuma, Aika. Mto unatoka juu Old Moshi, ambako ni Halmashauri ya Wilaya, unaingia Manispaa, unatoka tena unateremka kwenda kunywesha mpunga wa Lower Moshi. Manispaa haiwezi kumwamrisha mtu wa wilayani. Bodi inafuata bonde, kwa hiyo ndiyo meza pekee ambayo pande zote mbili zinaweza kukaa.

Ushauri wangu ni hati moja na Manispaa, yenye mambo yaliyo mikononi mwa Manispaa tu, na nyingine fupi na Bodi. Kwa waliobaki inatosha barua ya kutokuwa na pingamizi. Na msijitwike ugawaji wa maji. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ina Jumuiya za Watumia Maji kwa kazi hiyo. Kama ipo upande wa juu, muwe marafiki zake.

Kwenye kingo za mto ndipo mtagombana na watu, basi andikeni kwa makini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Mmeandika kwamba kikundi "kitasimamia na kutoza faini". Futeni. Faini ni ya sheria ndogo na watendaji wake. Kikundi cha hiari kikishika ng'ombe wa mtu au kung'oa mchicha wa mama aliyelima pale miaka yote, kesho yake ni mapanga au mahakama. Ninyi mnatoa taarifa kwa maandishi kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa mazingira, basi. Mita nazo zipimwe siku moja, mtaalamu wa ardhi akiwepo, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, na wenye bustani wenyewe. Wekeni bikoni, kila jirani asaini kwamba ameiona. Mkikubaliana pale pale mnapimia wapi, ukingo upi, mmeokoa ugomvi wa miaka, kwa sababu mto ule ukifurika masika unakula upande mmoja na kuacha mchanga upande wa pili. Na wenye mazao wapewe muda wa kuvuna, tarehe iandikwe.

Miti. "Miche elfu kumi itapandwa" ni sentensi ya kupigia picha. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inachukua miche 1,111, na ukanda wa mita 60 unatimiza hekta kwa urefu wa mita 167 hivi. Elfu kumi ni hekta tisa, kama kilomita moja na nusu ya ukingo mmoja. Mna watu wa kupalilia na kumwagilia kilomita moja na nusu Januari na Februari, jua likiwa utosini? Pandeni kidogo mwanzo wa masika, na hati ihesabu miti iliyo hai Oktoba, baada ya kiangazi, wala siyo iliyopandwa Aprili. Hesabu ifanywe na pande zote mbili pamoja. Karibu na maji wekeni mkuyu na msesewe, nyuma yake mringaringa na mruka. Mikaratusi hapana, hata mkipewa bure. Miche iagizwe mapema, miezi minne mpaka sita kabla, maana bustani ya miche haijazi viriba kwa simu ya Machi.

Taka ndizo zinanitia wasiwasi zaidi kuliko miti. Mtaokota siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtarundika kando ya barabara, mtapiga picha. Gari lisipokuja, mvua ya usiku inazirudisha zote mtoni, na vijana wenu mwezi ujao hawaji. Mimi nawaelewa. Kwa hiyo kifungu cha taka kitaje mahali pa kukusanyia, gari litoke saa ngapi, na kwamba taka zitaondolewa ndani ya saa 24. Glavu, mabuti ya mvua, sepeto na matoroli: nani ananunua, nani anatunza, leja iko wapi, kikundi kikivunjika vinakwenda kwa nani. Na mtu akikatwa na chupa, nani anampeleka hospitali na nani analipa? Kujitolea ni kutoa nguvu. Damu yako isiwe gharama yako pia.

Narudi kwenye lile la kwanza, maana fedha nazo zinaingia hapo hapo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mipango ya Julai ijayo inaandikwa sasa hivi. Mwongozo wa bajeti ukishatoka, idara zinaingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, na mwanzoni mwa mwaka madiwani wanapitisha. Shughuli isiyokuwemo PlanRep haina kifungu cha bajeti, na isiyo na kifungu hicho haitalipwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, hata Mkurugenzi awapende vipi. Mkikosa dirisha hili mnangoja Julai ya mwaka mwingine, zaidi ya mwaka na nusu. Kwa hiyo Ijumaa, badala ya kusaini, ombeni afisa awaoneshe shughuli yenu ataiandikaje. Iwe ndogo na yenye jina: kununua miche, dizeli ya gari la ufuatiliaji mara nne kwa mwaka, safari za gari la taka. "Kuwezesha vikundi vya mazingira" ni mfuko uliotoboka, kila mtu atachota humo. Halafu gaweni kazi mafungu mawili, zinazohitaji fedha za Manispaa na zisizohitaji, kwa sababu fedha za mapato ya ndani huchelewa, na kikundi kikisimama kikizingojea hakiamki tena.

Akija mtu akawaambia mtumie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mkatae kwa upole. Ile ni asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba lakini ni mkopo, inarudishwa. Kutunza mto hakuleti marejesho ya kila mwezi.

Na kila penye jina la mtu wekeni cheo, na cheo cha msaidizi wake. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kikao cha pamoja kila robo mwaka, muhtasari usainiwe ndani ya siku 14 na uingie kwenye jalada lile lile. Afisa akihama, makabidhiano yake yataje hati yenu. Mitaa ilichagua viongozi Novemba 2024, na vikundi vilivyokuwa vimeegemea mwenyekiti mmoja vilianza upya. Madiwani nao hubadilika. Mkiwa na karatasi tano zenye mihuri, anayekuja anaendeleza. Mkiwa na urafiki tu, anayekuja ana marafiki zake.

Kuna jambo la mwanachama anayetaka kugombea, ambalo ulilidokeza ukaliacha. Katiba yenu ina... hapana, hilo tuongee kwa simu.

Sasa nijibu haya kabla ya Ijumaa. Cheti cha usajili ni cha Manispaa au mlisajiliwa kwingine? Mama Ndeshi bado ni mweka hazina, na watia saini wa benki ni wale wale walio kwenye katiba? Muhuri wa kikundi anao nani? Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa lini, na diwani ameshaiona rasimu au anaisikia tu? Wenye bustani chini ya daraja mmekaa nao, au mmewapelekea taarifa? Bodi ya Maji wamejibu barua ya Agosti, na je, ile nakala iligongwa muhuri? Yule kijana wa bodaboda aliyeahidi kuchora ramani ya vyanzo, amefika wapi? Na Ijumaa unakwenda na nani? Usiende peke yako, mchukue katibu, na aandike kila kitakachosemwa.

Nitumie rasimu mpya nikairekebishe usiku huo huo.

Nduguyo,
Elia