Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawaletea taarifa ya mwaka. Mengi mnayajua: Iddi na Krismasi tulisherehekea pamoja, misiba miwili tulisimama na wafiwa mpaka mwisho, na darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi hapa Leeds. Hayo sitayarudia.

Nataka kuzungumzia safari ya kiangazi, maana maneno yamekuwa mengi. Tumezoea kwenda ufukweni Blackpool. Mwaka huu kamati, kwa pendekezo langu, iliamua twende Heptonstall, kijiji kilicho juu ya kilima humu humu West Yorkshire. Wapo waliosema nimetumia fedha za chama kuwapeleka watoto kutazama makaburi. Naomba nijibu.

Watoto wetu wanakulia hapa. Wanapita Halifax na Hebden Bridge wala hawajui miji hii ilipataje riziki. Kabla ya viwanda, kazi ya sufu ilifanyika majumbani huko juu: watoto wakichambua, kina mama wakisokota, mwanamume akifuma. Nyumba zile zipo hadi leo. Tazameni ghorofa ya juu: madirisha membamba yamepangwa safu moja, yametenganishwa na vinguzo vya mawe, ili mfumaji asipoteze hata chembe ya mwanga. Kitambaa kikiisha kilipakiwa juu ya farasi na kupelekwa Halifax, ambako mwaka 1779 lilifunguliwa soko kubwa la vitambaa, Piece Hall. Vilipokuja viwanda vya kuendeshwa kwa maji, kisha vya mvuke, kazi ikateremka bondeni. Hebden Bridge ikakua. Heptonstall ikabaki na nyumba zake za mawe. Mtoto wa mhamiaji anayeelewa jinsi kazi inavyohama na watu wakaifuata ameelewa pia kwa nini wazazi wake wako hapa.

Na hayo makaburi yenyewe. Uwanja mmoja una makanisa mawili. La zamani liliharibiwa na dhoruba mwaka 1847, likabaki gofu. Jipya likakamilika 1854. Mawe ya makaburi yamelazwa chini, yamebanana hata huna pa kukanyaga ila juu ya jina la mtu. Hapo amezikwa David Hartley, kiongozi wa genge lililokata kingo za sarafu za dhahabu na kutengeneza nyingine za bandia kwa vile vipande, aliyenyongwa York mwaka 1770. Na kwenye uwanja wa makaburi wa nyongeza, jirani tu, yupo Sylvia Plath, mshairi kutoka Marekani, aliyefariki 1963. Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Wamethodisti la pembe nane, la mwaka 1764, enzi za John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti. Watoto waliuliza maswali njia nzima ya kurudi, na walimu wao ni mashahidi.

Kuhusu lawama kwamba wazee waliteswa na mlima: waliopanda kwa miguu ile njia ya mawe ya farasi wa mizigo walitaka wenyewe. Wazee walipandishwa kwa basi dogo, nauli nikalipa mimi, na sijaidai.

Linaloniuma ni hili. Basi la viti 49 liliondoka na watu 23. Waliolalamika sana hawakuwemo. Kwenye mkutano wa robo mwaka tulikuwa 11, nao wengine walifika chakula kinapakuliwa. Halafu uamuzi ukishapita, simu hazikomi usiku.

Fedha: wanachama ni 74, ada ni pauni 30. Waliolipa ni 29, yaani pauni 870. Tunadai pauni 1,350. Safari ilitugharimu 680, na hati zote anazo mweka hazina, zipo wazi kwa yeyote anayetaka kuzikagua. Wanaosema mfuko umekauka kwa sababu ya Heptonstall wahesabu kwanza ada zao wenyewe. Kila mlipofiwa mlikuta mfuko una kitu, na kukusanya kile kitu ilikuwa kazi yangu na ya mweka hazina, mlango kwa mlango.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupanua darasa la watoto na huenda tukapata ukumbi wa kudumu. Safari itakuwepo, mahali tutaamua pamoja, kwa watakaohudhuria kikao. Mimi niko tayari kuendelea mkinihitaji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti